Baba, binti na klachi ya gari la dizeli

Aliyejifunza udereva kwenye gari dogo la petroli, kisha akakabidhiwa pikapu ya dizeli, siku ya kwanza hujiona kama hajawahi kushika usukani. Gari linaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi, linanguruma bila kwenda, au linatikisika mara mbili na kuzima katikati ya njia. Walio nyuma wanashikilia mabomba, walio kando ya barabara wanacheka.

Katika Mkoa wa Simiyu jambo hili linagusa nyumba nyingi. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na makao yake makuu yakawa Bariadi, unaishi kwa pamba, mifugo na nafaka, na mizigo hiyo hubebwa na magari ya dizeli. Ipo lami inayotoka Lamadi, ikapita Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi. Lakini ukiiacha tu, unaingia kwenye vumbi, na mvua zikinyesha, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaong'ang'ania tairi kama ugali kwenye sufuria. Huko gari la dizeli ndilo linaloaminika.

Na katika nyumba nyingi zenye gari la namna hiyo, dereva ni mmoja tu: baba. Siku baba akishindwa kuendesha, usukani atashika nani?

Swali hilo liliingia katika nyumba moja pembezoni mwa mji wa Bariadi bila mtu kulitamka. Mwenye nyumba ana miaka 54. Ana Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli isiyo na turbo, na gia zake ni za kubadili kwa mkono, yaani manyuo. Msimu wa pamba hubeba magunia ya wakulima kutoka vijijini hadi kwenye maghala ya AMCOS. Nje ya msimu hubeba mahindi, saruji, wakati mwingine mgonjwa usiku wa manane. Watoto wanne wamesomeshwa na pikapu hiyo.

Kwa miaka mitatu binti yake wa pili, mwenye miaka 20, alikuwa akiomba kufundishwa. Jibu lilikuwa lile lile: "Mama, hilo gari ndilo jembe letu. Jembe halichezewi." Mwishowe binti aliacha kuomba, akaendelea kumsaidia mama yake dukani.

Ndipo jioni moja ya Juni baba akamwita, akahesabu fedha juu ya meza na kumwambia, "Kesho nenda shule ya udereva. Na leseni ya kujifunza uichukue." Hakueleza zaidi. Mama aliinua macho, akamtazama mumewe, kisha akaendelea kuchagua choroko.

Gari la shule na gari la nyumbani

Shule ya udereva ilikuwa na kigari kidogo cha petroli. Kwa wiki kadhaa binti alifundishwa alama za barabarani, sheria, na kile ambacho walimu wa udereva hukiita kubalansi: kanyaga klachi, weka gia namba moja, ongeza mafuta mpaka injini ilie kidogo, halafu achia klachi taratibu. Alishika haraka. Alirudi nyumbani akiamini kilichobaki ni mtihani tu.

Jumapili baada ya ibada, baba alimpeleka kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, mahali pasipo na watoto wala mifugo. Pikapu ilikuwa na vibao vya herufi L mbele na nyuma. Binti alifanya kama alivyofundishwa. Aliongeza mafuta, injini ikanguruma, akaachia klachi. Gari likaruka, vichwa vikaenda mbele na nyuma, likazima. Akarudia. Likaruka tena. Mara ya tano harufu ya klachi kuungua, kali kama ya kucha iliyotiwa motoni, ilijaa ndani.

Hapo ndipo wazazi wengi hupoteza mwanafunzi. Mzazi aliyezoea kuendesha hakumbuki tena kwamba aliwahi kutojua, na kila gari linaporuka huona fedha ya fundi ikiteketea. Baba huyu naye alifungua mdomo: "Wewe mtoto..." Akaufunga. Akashuka, akalizunguka gari mara moja, akarudi kuketi.

"Ondoa mguu kwenye mafuta. Uweke chini kabisa, kwenye zulia."

"Litazima, Baba."

"Lizime. Sasa achia klachi polepole, kama unamlaza mtoto aliyesinzia."

Sauti ya injini ikashuka kidogo, bonneti ikatetemeka, na pikapu ikaanza kutembea yenyewe, bila tone la mafuta kuongezwa kwa mguu. Binti akacheka kwa mshangao.

Siri yake iko kwenye injini. Ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozo hunyunyiza dizeli, nayo huwaka kwa joto hilo. Wazo hilo ni la Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilithibitika kufanya kazi mwaka 1897, na jina lake ndilo tunaloliita mafuta hayo hadi leo.

Injini ya namna hiyo ina nguvu nyingi hata inapozunguka polepole. Tena pampu zake za zamani zina gavana: injini ikielemewa na kutaka kuzima, gavana huongeza dizeli kidogo bila dereva kugusa pedali. Ndiyo maana kwenye tambarare, gari likiwa tupu, klachi peke yake inatosha kuliondoa. Anayekanyaga mafuta kwanza, kama kwenye petroli, anazipa tairi nguvu kubwa kwa ghafla, na gari linaruka.

Tofauti ya pili ni subira. Petroli hujibu haraka, dizeli kama ng'ombe wa jembe: unamwambia, anafikiri, kisha anavuta. Mwanafunzi hukanyaga mafuta, haoni kitu, akaongeza, na nguvu yote inakuja kwa pamoja. Kwenye dizeli zenye turbo kungoja huko huonekana zaidi, kwa sababu turbo huzungushwa na moshi wa injini, na lazima moshi huo uwe mwingi kwanza.

Hata kubadili gia kunataka utulivu huo. Injini ya dizeli ni nzito na haishuki mzunguko haraka. Ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi, hamisha gia, ngoja sauti ishuke, ndipo uachie. Wala hakuna haja ya kuliliza gari. Kwa pikapu nyingi za dizeli, mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika inatosha kupanda gia inayofuata.

"Sikiliza, usitazame"

Jumapili ya pili baba alikuja na zoezi lake mwenyewe. Alimwambia binti avute handbreki, awashe gari, akanyage breki na klachi, aweke gia namba moja, kisha afumbe macho.

"Inua klachi mpaka usikie sauti imebadilika. Ikibadilika, simama hapo hapo. Hesabu tatu. Kanyaga tena."

Walirudia mara 20, kisha mara 20 nyingine. Mwanzoni binti aliipita ile sehemu na gari likazima. Baadaye alianza kuikuta: injini inashuka sauti kama mtu aliyetwishwa mzigo, na mtetemo mdogo unapita kwenye usukani. Ni mahali padogo, upana wa vidole viwili hivi katika safari nzima ya pedali, lakini kazi yote ya klachi iko hapo. Chini ya hapo gari haliendi. Juu ya hapo limeshashika, huna haja ya kuendelea kuibembeleza.

Binti alipofumbua macho aliuliza, "Mwalimu wa shule alisema klachi unaihisi kwenye unyayo. Wewe unanifundisha sauti tu. Mguuni unaihisije, Baba?"

Baba alitazama nje ya dirisha kwa muda. "Mimi siku hizi mguu hauniletei habari, mama. Nasikiliza kwa masikio."

Mguu usiotoa habari

Alikuwa na kisukari kwa miaka tisa. Nyumbani walijua kuhusu vidonge na kuhusu chai isiyotiwa sukari. Kuhusu miguu alijua mama peke yake, tena kwa kuona, kwa maana hakuambiwa. Aliona mumewe akitembea uani huku ndala moja imebaki nyuma bila yeye kujua. Jioni moja alimchomoa mwiba mrefu unyayoni alioutoa zizini, na mwenye mguu hakushtuka.

Dalili nyingine zilikuwa kwenye gari. Klachi ilibadilishwa mara mbili ndani ya miezi 14. Fundi alisema wazi, "Mzee, mguu wako unakaa kwenye pedali hata ukiwa safarini." Mzee alibisha, akasema vipuri vya siku hizi ni feki. Ukweli ni kwamba mguu ulikuwa umetulia juu ya pedali, naye hakuuhisi. Pedali ikielemewa hata kidogo, klachi haishiki sawasawa. Inasugua, inapata joto, inaisha.

Kisha ikaja asubuhi ya Aprili. Aliwasha gari likiwa kwenye gia, akiamini klachi iko chini kabisa. Ilikuwa imekanyagwa nusu tu. Pikapu iliruka mbele na kusaga ndoo mbili za maji karibu na mlango. Mjukuu wa miaka mitatu alikuwa ameondoka kwenye ndoo hizo muda mfupi kabla, akimfuata kuku. Mzee alisema breki zina hewa. Mama hakubishana, ila tangu siku hiyo hakumruhusu mtoto kucheza upande wa gari. Wiki chache baadaye, klachi mpya ikiwa imeshafungwa, fedha zikahesabiwa mezani kwa ajili ya shule ya udereva.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia mbali zaidi, kwenye vidole vya miguu. Wengine huanza na ganzi, wengine huhisi kuchomwa sindano au kuwaka moto usiku. Baadaye huenda wasihisi kitu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu kutwa nzima, akapata kidonda kabla hajajua. Na kwenye gari, anaweza asijue mguu uko kwenye pedali ipi, wala umezama kiasi gani.

Liko na jambo la pili ambalo familia zenye dereva mwenye kisukari zinapaswa kulijua. Kwa wanaotumia insulini na baadhi ya vidonge, sukari inaweza kushuka ghafla. Mtu hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Dereva wa namna hiyo apime sukari na ale kabla ya safari, awe na kitu cha sukari karibu, na akihisi dalili asimame kwanza.

Usiku ule binti alimweleza mama yake maneno ya uwanjani. Mama alisema tu, "Afadhali amelisema mwenyewe." Hawakuita kikao cha ukoo, wala hawakumpokonya mzee funguo. Asubuhi binti alimwambia, "Baba, siku ya kliniki nitakusindikiza." Walikwenda kwa bajaji.

Daktari alimwambia mzee afumbe macho. Alichukua uzi mgumu wa nailoni, akaugusisha sehemu mbalimbali za nyayo, na kumtaka aseme "ndiyo" kila anapohisi. Binti aliyekuwa amesimama kando aliona uzi ukigusa kidole gumba, kisigino, katikati. Baba yake alikaa kimya kama mtu anayesubiri zoezi lianze. Kwa mguu wa kushoto, ule wa klachi, alisema "ndiyo" mara moja.

Daktari alimwambia asiendeshe gari la manyuo kwa hali ile. Alimbadilishia dawa, akamwagiza kukagua miguu kila jioni, chini na katikati ya vidole, kuvaa viatu vya kufunika, na kutotembea peku wala kuota moto kwa miguu. Kwenye bajaji ya kurudi mzee hakuzungumza. Alikuwa ameendesha kwa miaka 27.

Barabarani

Wengi hudhani baada ya hapo kazi ni kumbadilisha dereva tu. Haikuwa rahisi hivyo. Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto, na binti hakuwa na leseni kamili. Ilibidi atafutwe dereva wa kulipwa, na fedha iliyozoeleka kubaki nyumbani ikagawanywa. Mzee alikuwa mkali wiki nzima: chumvi nyingi, mlango umeachwa wazi, redio iko juu. Mama aliyapokea bila kujibu. Alijua anacholilia si chumvi.

Kilichomrudisha ni kazi ya kufundisha. Jioni, dereva wa kulipwa alipomaliza mizigo, alikaa kushoto kama msimamizi mwenye leseni, mzee katikati, binti kwenye usukani. Walitoka uwanjani wakaingia barabara za vumbi.

Kwenye mwinuko binti alijifunza kutumia handbreki: ivute, achia klachi mpaka sauti ishuke na bonneti iinuke kidogo, ongeza mafuta kiasi, kisha shusha handbreki. Gari linaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Akiwa na mzigo alielewa kwamba gavana peke yake hatoshi. Mafuta yanahitajika, ila baada ya klachi kuanza kushika, si kabla. Kwenye mteremko aliambiwa ateremke na gia ndogo na kuiacha injini imshikilie, badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Kwenye tope jeusi alifundishwa kuondoka na gia namba mbili, klachi taratibu, mafuta kidogo sana. Anayekanyaga kwa hasira huzungusha tairi na kujichimbia shimo. Aliambiwa pia aache ndala nyumbani, maana huteleza na kunasa chini ya pedali, na kwamba klachi ikishaachiwa, mguu wa kushoto uwekwe sakafuni mpaka utakapohitajika tena. Hilo mzee alilisema mara nyingi kuliko mengine yote.

Siku ya kuingia lami waliikuta foleni ya mikokoteni ya ng'ombe na bodaboda kwenye njia panda. Nyuma yao lori likasimama. Binti aliachia klachi kwa haraka, gari likazima. Lori likapiga honi. Mtu mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Dada, shuka usukume!" Mkono wa mzee uliinuka kuelekea handbreki, ukakaa hewani, kisha akaurudisha juu ya goti lake.

Binti alikanyaga breki, akavuta handbreki, akatoa gia, akawasha. Honi ikaendelea. Alikanyaga klachi mpaka mwisho, akaweka gia namba moja, akainua mguu polepole, akasimama pale sauti ilipobadilika. Mkokoteni wa mwisho ukapita. Akaingia lami. Hakuna aliyesema neno mpaka mita mia mbele, ndipo mzee akasema, "Gia ya pili. Ngoja ishuke." Akangoja, ikashuka.

Kwa wazazi wanaofikiria kumfundisha kijana wao, yapo machache ya kuzingatia. Sheria inataka awe ametimiza miaka 18, awe na leseni ya kujifunza na asimamiwe na dereva mwenye leseni. Shule ya udereva haikwepeki, kwa kuwa mzazi hurithisha hata mazoea yake mabaya. Msianzie barabarani, anzieni kwenye uwanja usio na watu. Saa moja inatosha kwa siku, kwa sababu mguu uliochoka haujifunzi. Na kama gari la nyumbani ni la dizeli, mpeni muda wa kulizoea hata kama ana leseni aliyoipata kwenye gari la petroli.

La zaidi ni kutokusubiri. Nyumba yenye gari na dereva mmoja iko mguu mmoja tu mbali na kukwama. Mama wa nyumba, kijana aliyefikia umri, mdogo wa baba: mmoja wao awe amejifunza wakati mwenye gari bado ana nguvu za kufundisha. Na mzazi anayeona mwili wake umeanza kumficha mambo, awaambie walio nyumbani kabla gari halijawaambia.

Binti alifaulu mtihani wa askari wa usalama barabarani na sasa ana leseni yake. Wakati wa mizigo mikubwa dereva wa kulipwa bado anaitwa, lakini safari za duka, za kliniki na za usiku ni za binti. Mzee huketi kushoto, amevaa viatu vya kufunga, na kila jioni mkewe humkagua nyayo kwa tochi ya simu. Anaongea zaidi ya inavyohitajika, na bintiye humwacha aongee. Klachi iliyofungwa Mei haijaguswa na fundi tangu hapo.